Je, Wajua? Tairi Husomwa Kabla ya Kulipiwa

Je, wajua kwamba kila tairi lina tarehe yake ya kuzaliwa? Tafuta ubavuni herufi DOT, fuata mstari wake hadi mwisho, utakuta tarakimu nne zilizofungiwa kwenye kiduara kirefu. Zikisomeka 2319, tairi hilo lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akikuambia, “Mali mpya bosi, imeingia jana,” huenda hajasema uongo. Imeingia jana dukani. Kiwandani ilitoka lini, hilo hakuulizwa.

Usiridhike na ubavu mmoja. Mara nyingi tarehe huchapwa upande mmoja tu, na upande wa pili hubeba DOT iliyokatika, haina tarakimu hizo nne. Mwambie kijana aligeuze.

Ukikuta tarakimu tatu tu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Aga, uondoke.

Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo. Michelin wanashauri tairi likifikisha miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifikisha kumi litolewe hata kama meno bado yapo. Jua huharakisha uzee huo, kwa hiyo lile tairi lililoning'inizwa nje ya duka kama tangazo, likipigwa jua toka asubuhi hadi jioni, liache liendelee kutangaza. Wala usidanganywe na weusi unaong'aa: kuna dawa ya kupaka. Panua meno kwa vidole uangalie chini ya mifereji, kwani nyufa huanzia huko na brashi ya dawa haifiki.

Je, wajua maana ya 195/65 R15 91H, maandishi utakayoyakuta kwenye magari madogo mengi ya familia? 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 si milimita: ni kimo cha ubavu, asilimia 65 ya ule upana. R ni radiali, mpangilio wa nyuzi ambao Michelin waliusajili mwaka 1946 na sasa umetawala magari madogo yote. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ni ajabu kidogo kwamba milimita, asilimia na inchi zinakaa kwenye mstari mmoja bila kugombana.

Ile 91 ni ya mzigo. Maana yake tairi moja linabeba kilo 615, na manne kilo 2,460. Namba 88 hubeba kilo 560 tu. Mwenye gari linalorudi kutoka kijijini na watu watano, magunia mawili ya mchele na mikungu ya ndizi asishushe namba hiyo chini ya ile ya gari lake, hata akipunguziwa bei.

Nayo H ni mwendo: kilomita 210 kwa saa. T ni 190, V ni 240. Hutakimbia 210 popote kati ya Chalinze na Segera, na usijaribu. Herufi hiyo inakueleza pia tairi linavyovumilia joto, na joto ndilo linalopasua matairi kwenye safari ndefu za mchana.

Ukiacha 195/65 R15 ukafunga 205/65 R15 kwa sababu “zinaingia tu”, tairi limekuwa kubwa kwa asilimia 2. Mshale ukionyesha 100, wewe uko 102. Si balaa, lakini huenda likagusa bodi unapokata kona ukiwa umepakia.

Je, wajua kwamba gari lako la kutoka Japani huenda lilishuka bandarini na matairi ya theluji? Hili huwakuta wengi kuliko tunavyodhani. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia kupitia Dar es Salaam na Mombasa hutoka Japani, na kaskazini mwa nchi ile, Hokkaido hasa, theluji hukaa kwa miezi. Wenye magari huko hufunga matairi ya majira ya baridi, na gari likiuzwa katika msimu huo hupakiwa melini likiwa nayo. Utayatambua kwa neno STUDLESS ubavuni, au majina kama Blizzak na iceGUARD, au mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Meno yake yamechanjwa vijistari vyembamba vingi, na ukiyabonyeza kwa ukucha yanakubali.

Mpira huo ulitengenezwa ubaki laini penye baridi, yaani chini ya nyuzi joto 7 hivi. Sasa upeleke Dodoma saa nane mchana. Utakwisha upesi, na kwenye lami yenye joto gari litahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama. Matairi hayohayo huuzwa pia kwa mafungu kama mtumba, kwa sifa ya “OG za Japani, laini, meno bado”. Ni OG kweli, ni za Japani kweli, na hazikufai.

Tukiwa bado kwenye mtumba: je, wajua kwamba tairi kipara linaweza kuota meno usiku mmoja? Wapo mafundi wanaochonga upya mifereji kwa kisu cha moto, kisha tairi linapakwa dawa na kurudi sokoni. Chini ya mfereji wa tairi la gari dogo pamebaki milimita chache tu za mpira kabla ya kufika kwenye waya. Matairi ya malori yaliyotengenezwa ili yachongwe huandikwa REGROOVABLE. La gari lako halina neno hilo.

Kumkamata mchongaji si kazi. Ndani ya mifereji ya tairi zima mna vituta vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, pembetatu ndogo au herufi TWI begani mwa tairi hukuonyesha vilipo. Meno yakishuka yakalingana na vituta, tairi limekwisha. Kisu cha mchongaji hupita navyo. Ukiona mfereji mrefu usio na kituta hata kimoja, tena kingo zake zimeyumba, umeshajua.

Chungulia na ndani. Kiraka cha ukubwa wa sahani au nyuzi za kushonea ubavu hazionekani tairi likiwa limeshafungwa kwenye rimu. Pancha ya katikati ya meno huzibika vizuri, hasa ikizibwa kwa ndani. Ubavu hauzibwi wala haushonwi: ndio unaokunjika na kukunjuka kila mzunguko, na tairi la saizi tuliyoitaja huzunguka mara 500 hivi kwa kila kilomita.

Je, wajua kwamba ukinunua mawili tu, yafungwe nyuma? Hapo mafundi wengi watakugomea. Hoja yao ni kwamba injini iko mbele, usukani uko mbele, breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa, basi mapya yaende mbele. Inaingia akilini. Lakini Michelin na wenzao wakubwa wanashauri kinyume, na sababu ni maji. Tairi lenye meno mafupi ndilo linalotangulia kuelea juu ya dimbwi. Yakielea ya mbele, gari linakataa kukata kona, linanyooka. Dereva anahisi usukani umekuwa mwepesi, anaachia mafuta, mwendo unashuka, matairi yanashika tena. Yakielea ya nyuma hupewi onyo. Mkia unatoka, gari linajizungusha, na dereva wa kawaida hana muda wala ujuzi wa kulirudisha. Wakati wa masika, kona moja yenye maji yaliyotuama inatosha. Mwache fundi abishane nawe, ila abishane huku anafunga nyuma.

Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, kama Subaru nyingi, hilo linataka manne yanayolingana. Mawili mapya na mawili yaliyolika huzunguka kwa kasi tofauti, na bili ya difu ni kubwa kuliko ya matairi.

Mengine ya harakaharaka.

Ukiona mshale na neno ROTATION, tairi lina mbele na nyuma. Likifungwa kinyume halitoi maji sawasawa. Ukiona OUTSIDE, upande huo utazame nje. Zunguka gari uhakikishe kabla hujalipa ufundi.

Kidoti cha njano kwenye tairi jipya kinaonyesha sehemu iliyo nyepesi zaidi. Huwekwa kwenye valvu, ili balansi ihitaji risasi chache.

Hewa ya bure ya kituo cha mafuta tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Anayekuuzia naitrojeni anakuuzia hiyo 22 iliyobaki.

Upepo sahihi umeandikwa kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva, na kwa magari ya Japani huwa kwa kPa: 220 ni kama 32 kwenye geji ya fundi. Namba iliyo ubavuni mwa tairi, 44 au 51, ni kikomo cha tairi lenyewe. Pima asubuhi kabla ya safari. Ukisimama Korogwe matairi yakiwa ya moto ukaona upepo umepanda, usiupunguze. Yakipoa utabaki na pungufu.

Kabla hujatupa la zamani, lisome. Likilika kingo zote mbili, lilikosa upepo. Likilika katikati, lilizidishiwa. Likilika upande mmoja, gari linataka alaimenti. Likilika kwa mabonde mabonde, anza kuzishuku shokapu. Kufunga mapya bila kutibu chanzo ni kulipa mara mbili.

Sehemu ya tairi inayogusa lami ni kama kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne, na familia nzima juu yake.

Tairi la akiba jembamba lililoandikwa T mwanzoni mwa saizi ni la kukufikisha kwa fundi tu: mwisho kilomita 80 kwa saa, na upepo wake ni 60. Wengi hulikuta limelala siku wanayolihitaji.

Mpira wa asili hauna weusi. Weusi huletwa na masizi ya kaboni yanayoongezwa ili tairi lidumu. Ndiyo maana Bibendum, yule mtu wa matairi wa Michelin aliyechorwa mwaka 1898, ni mweupe hadi leo.

Na anayetengeneza matairi mengi kuliko wote duniani, kwa idadi, ni LEGO ya Denmaki: zaidi ya milioni 300 kwa mwaka, yote ya magari ya kuchezea.

Je, wajua kwamba tuliwahi kutengeneza yetu? General Tyre ya Arusha ilizalisha matairi hadi mwaka 2007, na ilikuwa na mashamba yake ya mpira Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Morogoro. Nairobi, kiwanda kilichoanza kama Firestone na baadaye kuwa Sameer Africa, wenye tairi la Yana, kilifungwa mwaka 2016. Leo mengi unayoyaona Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, yamevuka bahari, na muda wa safari na wa kukaa bohari umo ndani ya zile tarakimu nne.

La mwisho ni kuhusu yale manne uliyoyatoa. Tairi lililotupwa nyuma ya nyumba hukusanya maji ya mvua, na mbu wa Aedes, anayeeneza dengi, hupenda kutaga humo. Dar es Salaam ilikumbwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019. Yape mshona katambuga. Kama utayabakiza uani, yatoboe chini maji yapite, au yafunike.