Bei ya koltani ilishuka, deni la mabati likabaki

WASWAHILI husema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa wakazi wa Gisenyi na jirani zao wa Goma wanaoukumbuka mwaka 2000, matanga hayo yalikuwa ya koltani.

Mwaka huo viwanda vya simu za mkononi na kompyuta duniani viligombania tantalamu, madini yanayotokana na koltani. Kwa hofu ya kukosa, viliagiza kuliko mahitaji yao. Bei ya ratili moja ya tantalamu ghafi, iliyokuwa chini ya dola 50 mwanzoni mwa mwaka, ilipanda hadi kupita dola 200 kufikia Desemba. Kule Masisi na Walikale wengi waliacha majembe na mifugo wakaingia mashimoni, na dola zikamiminika Goma.

Gisenyi nayo ilionja neema hiyo. Kutoka mjini hadi Petite Barrière ni mwendo wa miguu tu, na Goma yenye fedha ilitaka viazi, kabichi, maziwa na nyama. Mama aliyevuka na kikapu chake asubuhi alikuwa akila matunda ya koltani bila kuigusa hata siku moja.

Tusisahau hali ya familia nyingi wakati huo. Wengine walikuwa wamerejea nyumbani kuanzia mwaka 1994 kutoka Zaire, Uganda na Burundi. Wengine walivuka hapa hapa kwa miguu Novemba 1996, kambi ya Mugunga na nyinginezo zilipovunjika. Walianza maisha upya, wengi bila godoro wala sufuria. Mtu wa namna hiyo akipewa mabati kwa mkopo, si haki kumwita mpenda anasa.

Kosa lilikuwa kwenye hesabu. Tuchukue mfano wa mama mwenye watoto wanne, aliyezoea kupata dola 60 kwa mwezi na kutumia 50 kwa chakula, kodi na shule. Biashara inachangamka, anapata 180. Anachukua mabati, godoro na redio, vyote kwa mkopo, alipe dola 60 kila mwezi kwa mwaka mzima. Anatumia 50, analipa deni 60, na bado anabakiwa na 70 mkononi. Nani angemwambia amekosea?

Lakini mwaka 2001 viwanda vile vilijikuta na akiba tele, na biashara ya simu na kompyuta ikapoa. Kabla mwaka kwisha, bei ya tantalamu ilikuwa imeporomoka kurudi karibu ilikoanzia. Mteja wa Goma akapunguza kununua. Tuseme mama yetu amerudi kwenye dola 60 zake akiwa amelipa miezi sita tu. Matumizi ni 50, deni ni 60. Kila mwezi anapungukiwa dola 50, na kwa miezi sita iliyobaki pengo ni dola 300. Hapo ndipo redio huuzwa kwa bei ya kutupa, mtoto hurudishwa kutoka shule, au mtu huenda kwa wakopeshaji wa mtaani wanaoitwa "Banki Lamberi", ambao riba yao humeza hata mtaji wa kikapu.

Kisha tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Uji wa moto ulipita katikati ya Goma ukateketeza maduka na maghala, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia upande wetu. Mfanyabiashara aliyekuwa amepeleka mzigo Goma kwa mali kauli angemdai nani, wakati duka la mdeni wake liko chini ya mawe?

Mambo hayo hayakuishia hapo. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya Korona. Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena. Januari 2025 vita viliingia Goma na benki za huko zikafunga milango. Kila mara aliyekuwa na deni la kila mwezi alibaki nalo. Na aliyekopa dola huku akiuza kwa faranga alibeba mzigo wa pili: mwaka 2000 dola moja ilikuwa chini ya faranga 450 za Rwanda, na mwaka 2025 ilivuka 1,400.

Je, tusikope? Hapana. Bila mkopo biashara ndogo haikui. Ila deni lipimwe kwa mwezi mbaya, wala si kwa mwezi mzuri. Mama yetu, kwa mapato yake ya kawaida, aliweza kubeba deni la dola 10 kwa mwezi. Zile nyingine za neema angenunulia mabati taslimu, machache machache, au angeziweka kwenye kikundi, ikimina, ambako wanachama wanajuana. Tangu mwaka 2009 zipo pia Umurenge SACCO, na riba yake huandikwa kwenye karatasi kabla hujatia saini.

Kopa kwa fedha unayouzia. Usimpe mteja mmoja wa ng'ambo mzigo wote kwa mali kauli. Na kabla ya kutia saini, jiulize: mpaka ukifungwa kesho kwa miezi mitatu, fungu hili nitalilipa na nini? Usipopata jibu, rudisha kalamu.