Mpangaji Analindwa na Nini?

Wengi wetu tuna watoto waliopanga vyumba Kitale au Bungoma mjini. Je, landilodi akiwaambia wahame leo leo, watafanyaje?

Serikali yetu haimlipii mpangaji wa kawaida kodi ya nyumba. Msaada wake ni sheria ya mwaka 1959 ya kuzuia kodi kupandishwa ovyo. Inalinda nyumba za kuishi zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mpangaji wa nyumba hiyo hafukuzwi, wala vitu vyake havikamatwi, bila idhini ya baraza la serikali linaloamua kesi za kodi.

Lakini mambo yamebadilika. Kodi zimepanda, kiwango cha 2,500 kimebaki palepale. Anayelipa zaidi ya hapo hutegemea mapatano yake na mwenye nyumba. Na "tuliongea tu" ni vigumu kuthibitisha kortini.

Basi tufanye hivi:
1. Mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi.
2. Kila ukilipa, dai risiti, uiweke.
3. Kikundi kitenge akiba kidogo ya kumkopesha mwenye shida ya kodi.

Tusingoje mpaka godoro liwe nje.