Kwa Nini Mwiko ni wa Mbao

Mwulize mtoto wa miaka mitano kijiko kimetengenezwa kwa kitu gani, na huenda akakujibu, "Cha kulia wali." Hajakosea, amekueleza kazi ya kijiko. Ila bado hajatenganisha kitu na malighafi yake, na hapo ndipo mzazi au mwalimu wa awali anapoweza kumsaidia sana, bila maabara wala kitabu, jikoni tu.

Lugha yetu imeshamwandalia njia. Tunasema mwiko wa mbao, sufuria ya alumini, mtungi wa udongo: kitu kwanza, malighafi baadaye. Mwombe mtoto abadilishe lile neno la mwisho peke yake. Mwiko wa karatasi. Sufuria ya mbao. Mtungi wa kitambaa. Atacheka sana. Muulize basi: unacheka nini? Jibu lake, hata likiwa fupi kama "Sufuria itaungua!", ni jibu la kisayansi kabisa.

Tuanze na mwiko. Mbao huonekana imeshikamana, lakini ndani yake mna vijibomba vyembamba mno vilivyopitisha maji mti ulipokuwa hai. Mti ukikauka, vijibomba hivyo hujaa hewa, na hewa haipitishi joto kwa urahisi. Alumini hupitisha joto takriban mara elfu moja zaidi ya mbao. Ndiyo maana mama husonga ugali kwa nguvu zote, ncha ya mwiko imezama kwenye moto wa ugali, na kiganja chake kiko salama.

Mwonyeshe mtoto kwa macho. Chukua kikombe cha maji ya moto, usimamishe ndani yake kijiko cha mbao, cha plastiki na cha chuma vinavyolingana urefu. Juu ya kila kimoja gandisha punje ya haragwe kwa majarini kidogo. Maji ya moto umimine wewe mtu mzima, mtoto atazame. Haragwe la kijiko cha chuma ndilo litakaloteleza kwanza, na mtoto akishaliona hatalisahau.

Kuna jambo moja hapa linalowachanganya hata watu wazima. Asubuhi, mwiko na kijiko cha chuma vilivyolala pamoja kabatini vina joto lilelile, lakini ukivigusa, chuma huonekana baridi zaidi. Mtoto atasema chuma ni baridi. Mweleze kwamba chuma kinamnyang'anya joto la kidole chake upesi, na mbao inalichukua polepole. Ubaridi anaousikia ni joto lake mwenyewe likiondoka. Nimeona watoto wakirudi mara tano kugusa tena, wakihakikisha.

Sasa sufuria. Tunataka kinyume cha mwiko: joto la mkaa lipite chini ya chombo lifike kwenye mchele haraka. Alumini hupitisha joto karibu mara tatu ya chuma, na kwa ukubwa uleule uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma, kwa hiyo hata sufuria kubwa ya pilau la harusi hubebeka. Tena haili kutu kama chuma, kwa sababu juu yake hujifanyia utando mwembamba mgumu unaoilinda na hewa. Lakini ina udhaifu wake: huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, na mkaa uliokolea vizuri unaweza kupita hapo. Kinachoiokoa ni maji, ambayo hayapiti nyuzi 100 yanapochemka. Sufuria tupu iliyosahauliwa jikoni ndiyo inayotoboka.

Na kwa nini sufuria zetu nyingi hazina mikono, zina ukingo tu? Mkono wa plastiki ungeyeyuka juu ya mkaa au mafiga, na mkono wa alumini ungepata moto kama sufuria yenyewe. Kwa hiyo tunaipua kwa kitambaa au kipande cha boksi, yaani tunaazima malighafi nyingine kwa dakika moja. Mtoto anayeelewa hilo ameelewa mengi.

Kwangu mimi fundi mkubwa kuliko vyote jikoni ni mtungi. Udongo wake umechomwa bila kupakwa kitu cha kuziba, umebaki na vitundu visivyoonekana. Maji hupenya kidogokidogo hadi nje, ukiupapasa unausikia una unyevu, na upepo huyakausha. Maji yanapogeuka mvuke hubeba joto: kila gramu moja inayokauka huondoka na joto la kutosha kupoza zaidi ya nusu kilo ya maji kwa nyuzi moja. Mtoto analijua jambo hili mwilini, anapotoka kuoga na upepo ukampiga. Mwambie mtungi nao unatoka jasho.

Ndiyo sababu mtungi huwekwa kivulini penye upepo, na ndiyo sababu hupoza vizuri zaidi Dodoma kwenye hewa kavu kuliko Tanga au Mombasa, ambako hewa imeshashiba unyevu. Na ukiupaka rangi ya mafuta ili upendeze, umeziba vitundu vyote; utabaki pambo la sebuleni. Nasikitika kila ninapouona mtungi mzuri umefanywa hivyo.

Hata hivyo ndoo ya plastiki iliushinda mtungi njiani kutoka kisimani, na kwa haki. Haivunjiki ikianguka, na ikiwa tupu ni nyepesi kichwani. Maji yake hayapoi, lakini yanafika nyumbani. Kazi ya kuteka ilitaka malighafi moja, kazi ya kuhifadhi ikataka nyingine.

Wakati mwingine kazi moja hutaka mbili kwa pamoja. Mapema miaka ya 1980, nchini Kenya, lilitengenezwa jiko la mkaa lenye ganda la bati nje na udongo uliochomwa ndani, kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand. Bati hustahimili kugongwa na kubebwa, udongo huzuia joto lisipotelee ubavuni, na mkaa hutumika kidogo kuliko kwenye jiko la bati tupu. Mwonyeshe mtoto jiko la namna hiyo likiwa limepoa, aguse nje, kisha aguse ndani.

Tahadhari moja kwa walimu: majina yetu hukumbuka malighafi za zamani. Sufuria ni neno lililotoka Kiarabuni, na asili yake inahusu shaba. Glasi ya chai siku hizi yaweza kuwa ya plastiki. Bati la paa ni chuma chembamba kilichopakwa zinki au mchanganyiko wa zinki na alumini, ingawa bati lenyewe ni metali nyingine kabisa. Kwa hiyo mtoto asiamini jina. Aguse, anuse, agonge asikie mlio, atazame kama sumaku inanasa. Asiseme pia kwamba mbao zote huelea kabla hujamwonyesha kipande cha mpingo, ambacho huzama majini kama jiwe.

Mtoto akikuuliza kwa nini mwiko ni wa mbao, usimjibu kwamba ndivyo ulivyo tangu zamani. Mpe mwiko mkono mmoja na kijiko cha chuma mkono wa pili, kisha umwulize yeye.