Vinara wa Giga: Rekodi za Kumbukumbu ya Simu kwa Jicho la Nachingwea na Ruangwa

Msimu wa korosho ukifunguliwa na malipo ya mnada yakaanza kuingia, maduka ya simu ya Nachingwea na Ruangwa huchangamka. Mteja husalimia, huchukua boksi, huligeuza upande wa nyuma, kisha huuliza: "Hii ina giga ngapi?" Swali hilo hilo huulizwa duniani kote kila simu kinara inapokaribia kuzinduliwa. Tetesi huvuja, picha za vipimo husambaa, na mashabiki hubishana kama toleo lijalo litakuja na giga 12, 16 au 24.

Giga zenyewe ziko za aina mbili. Kuna hifadhi, ambamo picha, nyimbo na programu hukaa hata simu ikizimwa. Kuna RAM, ambamo hufanyika kazi ya wakati huu tu, na simu ikizimwa vyote vilivyomo hufutika. Mwanachama wa chama cha msingi (AMCOS) chochote kilicho chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ataelewa haraka: ghala linaweza kumeza magunia kwa mamia, lakini urefu wa foleni huamuliwa na mizani. Hifadhi ndiyo ghala, RAM ndiyo mizani.

Zifuatazo ni rekodi za mbio hizo za giga, na kila moja ina la kumwambia mnunuzi wa Kusini kabla hajafungua pochi.

RAM kubwa kuliko zote: giga 24

Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na RAM ya megabaiti 192. Mbio zilipopamba moto, rekodi zilianguka moja baada ya nyingine. Januari 2015 ASUS walionyesha ZenFone 2 yenye giga 4. Machi 2016 Vivo wakaja na Xplay5 Elite ya giga 6. Mwaka 2017 ZenFone AR ikafika giga 8. Februari 2020 Samsung wakapandisha Galaxy S20 Ultra hadi 16, Machi 2021 ROG Phone 5 Ultimate ikagonga 18, na Julai 2023 RedMagic 8S Pro+, simu iliyoundwa kwa ajili ya wacheza gemu, ikauzwa China katika toleo lenye giga 24. Kutoka megabaiti 192 hadi hapo ni mara 128, ndani ya miaka 15.

Lakini mwaka huo huo wa 2023 Apple walitoa iPhone 15 Pro yenye giga 8, theluthi moja ya RedMagic, na bado ilihesabiwa miongoni mwa simu zenye kasi zaidi duniani. RAM humsaidia mtu pale tu kazi zinapoijaza. Simu yenye giga 24 ambayo mwenyewe hutumia WhatsApp, redio na kamera itabaki na sehemu kubwa ya RAM isiyo na kazi mwaka mzima.

Kinachosukuma namba hizo sasa ni akili mnemba. Modeli inayofanya kazi ndani ya simu yenyewe, bila kutegemea intaneti, hukalia giga kadhaa za RAM muda wote inapotumika. Ndiyo maana Google waliipa Pixel 9 Pro ya Agosti 2024 giga 16.

Kumbukumbu yenye kasi kuliko zote

Ukubwa ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kasi. RAM ya aina ya LPDDR4X, ambayo bado imo ndani ya simu nyingi za bei ya kati na ya chini, hupitisha megabiti 4,266 kwa sekunde katika kila njia ya data. LPDDR5X ilianza na 8,533, na Aprili 2024 Samsung wakatangaza ya 10,700. Julai 2025 JEDEC, shirika linaloweka viwango vya chipu za kumbukumbu, lilichapisha kiwango cha LPDDR6 kinachofika 14,400. Tetesi zinazovuma sana kuhusu simu kinara zijazo zinaanzia hapo: nani atakuwa wa kwanza kuitia LPDDR6 mfukoni mwa mtu.

Upande wa hifadhi, chipu za UFS 4.0 ambazo Samsung walizitangaza Mei 2022 husoma megabaiti 4,200 kwa sekunde. Oktoba 2025 JEDEC walieleza kwamba UFS 5.0 inakaribia kukamilika, na lengo lake ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Hapa ndipo mnunuzi wa Nachingwea anapopaswa kutega sikio. Simu nyingi za bei nafuu bado hutumia hifadhi ya eMMC, ambayo kikomo chake ni megabaiti 400 kwa sekunde. Simu mbili zinaweza kupangwa rafu moja, maboksi yote yakiwa yameandikwa "128GB", na hifadhi ya moja ikawa na kasi mara kadhaa kuliko ya mwenzake. Yenye eMMC ndiyo itakayoganda karani anapotaka kufungua picha za hati za mauzo huku programu nyingine zikijisasisha. Namba kwenye boksi ni ile ile, ila aina ya chipu haiandikwi kwa maandishi makubwa.

iPhone yenye ghala kubwa kuliko zote

Septemba 2025 iPhone 17 Pro Max ilikuwa iPhone ya kwanza kuuzwa na hifadhi ya terabaiti 2. Ni nafasi ya mtu anayerekodi filamu. Kwa wengine wote, kufuta video zinazojirudia kwenye makundi ya WhatsApp kunarudisha giga nyingi bila kulipia hata shilingi.

Tetesi yenye roho ngumu kuliko zote: giga 16 za Galaxy Ultra

Januari 2021 Galaxy S21 Ultra iliuzwa na giga 12 au 16. Mwaka uliofuata S22 Ultra ikaja na 8 au 12, yaani RAM ilirudi nyuma. Tangu hapo tetesi ya kurudi kwa giga 16 haikufa. Ilivuma kabla ya S24 Ultra, simu ikazinduliwa Januari 2024 na giga 12. Ikavuma tena kabla ya S25 Ultra, na Januari 2025 ikathibitika kwa sehemu tu: baadhi ya masoko ya Asia, Korea Kusini na China yakiwemo, yalipata toleo la giga 16, lakini sehemu nyingi za dunia zilibaki na 12.

Somo lake ni la maana kwetu. Tetesi inaweza kuwa ya kweli huko ilikotoka na isiwe ya kweli kwenye duka la Ruangwa. Simu moja yenye jina moja huuzwa kwa RAM tofauti, chipu tofauti, na wakati mwingine masafa tofauti ya mtandao, kulingana na nchi. Anayeagiziwa simu na ndugu aliyeko Dubai au Muscat aombe namba kamili ya modeli, sio jina la simu peke yake.

Vipimo vilivyochafuka kuliko vyote

Tetesi nyingi hutoka kwenye Geekbench, programu inayopima nguvu ya simu kisha kuweka matokeo hadharani. Simu ya majaribio ikipimwa kiwandani, namba yake ya modeli na RAM yake huonekana, na habari husambaa siku hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba simu inaweza kufundishwa kufanya vizuri siku ya mtihani tu. Julai 2021 Geekbench waliziondoa OnePlus 9 na 9 Pro kwenye orodha yao, baada ya kubainika kuwa zilizipa nguvu kamili programu za vipimo huku zikizipunguzia programu za kawaida. Machi 2022 zikafuata simu za Samsung za familia za Galaxy S10, S20, S21 na S22, kwa kosa linalofanana. Makampuni yote mawili yalikuwa na sababu ya kulinda chaji na kupunguza joto, na hiyo ni sababu halali. Kisichokubalika ni kumwonyesha mnunuzi kasi ambayo hataipata akitumia programu zake mwenyewe.

Simu iliyouzwa kuliko zote ilitunza majina 50

Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 ikauzwa zaidi ya nakala milioni 250. Hakuna simu iliyowahi kuipita. Kumbukumbu yake ya ndani ilitosha majina 50. Ilikuwa na tochi juu, na vijijini kwetu ukoo wake wote umebaki na jina la kitochi.

Kitochi hakina giga za kujivunia, lakini kinabeba uchumi. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, iliwafikia watu kupitia menyu za namba, na hadi leo *150*00# hufunguka sawasawa kwenye kitochi na kwenye simu ya mamilioni. Hesabu yote ya menyu hizo hufanyika kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Kifaa mkononi huonyesha maandishi na kupeleka jibu tu. Bibi anayepokea hela ya ufuta kwa kitochi hajapungukiwa na chochote katika muamala huo. Tukizungumzia teknolojia iliyobadilisha maisha ya watu wengi kwa kumbukumbu ndogo kabisa, hii ndiyo bingwa.

Namba inayopotosha kuliko zote: 8+8

Rudi dukani, ulishike lile boksi. Mbele kumeandikwa "16GB" kwa tarakimu zinazojaza nusu ya uso wake, na pembeni kuna kinyota. Geuza. Chini kabisa, kwa herufi za kukodolea macho, kinyota kinafafanuliwa: 8GB + 8GB.

Nane za kwanza ni RAM. Nane za pili zimemegwa kutoka kwenye hifadhi, na simu huziazima RAM inapojaa. Ufundi huo ni wa kweli na una faida kidogo, kwa kuwa programu iliyolala nyuma haifungwi mara moja. Lakini hifadhi ya eMMC haizidi megabaiti 400 kwa sekunde, ilhali RAM ya LPDDR4X kwenye simu ya kawaida hupitisha zaidi ya megabaiti 17,000. Pengo hilo ni zaidi ya mara 40. Hivyo giga 8 za kuazima haziwezi kujumlishwa na 8 halisi ukapata 16, na juu ya hayo zinachukua nafasi ya picha zako.

Kujua ukweli hakuhitaji fundi. Washa simu kabla ya kulipa, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, usome RAM. Ukikuta alama ya kujumlisha, hesabu namba ya kwanza tu.

Hapo hapo bonyeza *#06# upate IMEI, tarakimu 15 za utambulisho wa simu, uzitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu likitaja simu tofauti na uliyoshika, irudishe. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilizima simu bandia nchi nzima, na wengi waligundua usiku mmoja kwamba walichonunua hakikuwa walichoambiwa.

Mchango mkubwa kuliko wote wa Ruangwa

Kila simu inayovumishwa inategemea betri, na upande hasi wa betri hiyo umetengenezwa kwa madini ya kinywe. Kwa uzito, betri ya simu hubeba kinywe kingi kuliko lithiamu. Madini hayo yako chini ya ardhi ya Ruangwa: Nachu, Chilalo na Lindi Jumbo ni majina yanayojulikana na wawekezaji wa betri duniani. Aprili 2023 Serikali ilisaini makubaliano ya mradi wa Chilalo yanayoipa hisa ya asilimia 16, na mgodi wa Lindi Jumbo, uliosanifiwa kutoa tani 40,000 kwa mwaka, ulianza kuzalisha mwaka 2024.

Kinachotoka Ruangwa ni mchanga mweusi uliochenjuliwa. Kuusafisha hadi ufae betri ni kazi ambayo sehemu kubwa yake hufanyika China, na thamani kubwa hubaki huko. Wilaya inayochangia ndani ya simu inastahili kuhesabiwa katika habari za simu, na vijana wake wanastahili kufundishwa kemia ya betri karibu na migodi hiyo.

Namba yenye faida kuliko zote

Tangu mwishoni mwa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimepanda duniani. Samsung, SK Hynix na Micron, wanaotengeneza sehemu kubwa ya RAM zote, wanaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, ambavyo hulipa vizuri zaidi. Mwenye simu kinara ataongezewa bei kidogo. Anayenunua simu ya laki mbili ndiye atakayepunguziwa giga halisi na kufidiwa kwa giga za kinyota.

Kwa hiyo swali la dukani lipanuliwe: RAM halisi ni ngapi, hifadhi ni eMMC au UFS, na simu itapokea masasisho ya usalama hadi mwaka gani? Mwenye matumizi ya kawaida, giga 6 halisi na hifadhi ya UFS zitamtumikia vizuri kuliko 4 zilizopambwa zikaitwa 12.

Na Tume ya Ushindani, kwa kushirikiana na TCRA, ina kazi ya kufanya hapa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tayari inakataza kumpotosha mlaji. Itamkwe wazi kwamba kila boksi la simu linalouzwa nchini liandike RAM halisi peke yake, kwa tarakimu kubwa kuliko namba nyingine yoyote ya kumbukumbu. Kanuni hiyo haina gharama kwa kiwanda chenye bidhaa nzuri, na ingemlinda mkulima wa Nachingwea katika ile wiki ambayo mavuno ya mwaka mzima yanageuka kuwa simu moja.