Kalenda ya hedhi iliyokwenda na Marekani hadi Lyon

JUNI 28, 2019, saa 3:00 usiku. Parc des Princes imejaa, wenyeji Ufaransa wanakutana na Marekani kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia la Wanawake. Mchana wa siku hiyohiyo, kusini mwa nchi, kipimajoto kilikuwa kimegonga nyuzi 46, rekodi ya juu kabisa Ufaransa. Jua limeshaanza kuzama Paris, lakini hewa bado ni ya tanuri.

Megan Rapinoe akatupia mbili, Wendie Renard akarudisha moja, Marekani ikasonga mbele kwa mabao 2-1. Siku tisa baadaye kule Lyon, Marekani ikaichapa Uholanzi 2-0 na kubeba ndoo.

Mashabiki wengi wanakumbuka mikono iliyonyooshwa ya Rapinoe. Wachache wanajua kwamba nyuma ya kikosi kile kulikuwa na kalenda nyingine, tofauti na ile ya ratiba ya mechi. Ilikuwa kalenda ya hedhi za wachezaji.

Ndiyo, hedhi. Neno ambalo kwenye kambi nyingi za soka hutamkwa kwa kunong'ona, kama linatamkwa kabisa.

MWEZI KWA MWEZI

Ipo hivi. Kombe la Dunia lile lilianza Juni 7 na kumalizika Julai 7. Marekani, kuanzia kipigo cha mabao 13-0 walichompa Thailand hadi fainali, walicheza mechi saba ndani ya siku 27.

Sasa chukua mzunguko wa hedhi wa mwanamke. Wastani ni siku 28, ingawa kati ya 21 na 35 ni kawaida kabisa. Piga hesabu mwenyewe. Mchezaji mwenye mzunguko wa kawaida, akicheza mashindano hadi fainali, hawezi kuukwepa. Hatua zake karibu zote atazipitia humohumo kwenye mashindano. Swali ni moja tu: zitamkutia mazoezini, au dakika ya 80 ya nusu fainali?

Kocha wa viungo wa Marekani wakati ule, Mwingereza Dawn Scott, hakutaka kubahatisha. Akashirikiana na mtafiti Georgie Bruinvels, mmoja wa watu waliosimamia programu ya simu iitwayo FitrWoman, ambayo humsaidia mwanamichezo kufuatilia mzunguko wake na dalili zake. Kikosi kilikuwa na wachezaji 23, na kila mmoja ana mwili wake. Kazi ikawa kujua nani yuko hatua gani, anasumbuliwa na nini, na asaidiwe vipi kwa chakula, maji, usingizi na mapumziko.

Hakuna aliyewekwa benchi kwa sababu ya tarehe, na hapo ndipo wengi huelewa vibaya. Lengo lilikuwa mchezaji afike uwanjani akiwa sawa, siku yoyote ile mechi itakapomkuta.

MWILI NA JOTO

Wataalamu wanaugawa mzunguko kwenye hatua nne. Ya kwanza ni siku za damu zenyewe. Homoni ziko chini, tumbo na kiuno vinaweza kuuma, na mwili unapoteza madini chuma. Mchezaji anayetoka damu nyingi na anakula ovyo anaweza kuishiwa damu taratibu. Kocha anaona tu kwamba binti amekuwa mzito, anampigia kelele aongeze kasi. Kumbe tatizo liko kwenye sahani.

Hatua ya pili, homoni ya estrojeni inapanda kuelekea siku ya yai kupevuka. Wengi hujisikia wepesi na wenye nguvu. Kwa wachezaji wengi hizi ni siku nzuri za kubeba vyuma na kupiga mbio kali.

Ya tatu ndiyo inayokutana na jua. Yai likishapevuka, homoni ya projesteroni inapanda na joto la mwili nalo linapanda, kwa takriban nyuzi 0.3 hadi 0.5. Unaweza kusema, nusu nyuzi kitu gani? Lakini mwili wa mchezaji una kikomo chake cha joto. Anayeanza mechi akiwa tayari yuko juu kidogo ana nafasi ndogo ya kupanda zaidi. Jasho nalo huchelewa kidogo kuanza kumpoza. Kwenye baridi hilo halina shida kubwa. Kwenye jua kali na hewa nzito ya unyevu, linaweza kumfanya ahisi mechi ni ngumu kuliko kawaida.

Ya nne ni siku chache kabla ya damu kuanza tena. Homoni zinashuka, usingizi unaweza kuwa wa mang'amung'amu, tumbo kujaa, hasira kuwa karibu.

Ukweli usemwe, sayansi yenyewe haijafunga mjadala. Kwa wachezaji waliozoea joto na wenye mazoezi ya kutosha, tofauti ya uwezo kati ya hatua moja na nyingine mara nyingi ni ndogo, na inatofautiana mtu na mtu. Yupo anayefunga hat-trick siku ya kwanza ya hedhi, yupo asiyeweza kunyanyuka kitandani. Ndiyo maana kinachosaidia ni kumjua mchezaji wako, siyo kukariri jedwali.

Dawa za joto zenyewe hazina miujiza. Mwili unahitaji kati ya wiki moja na mbili kuzoea jua jipya, hivyo timu inayotua siku mbili kabla ya mechi imeshachelewa. Maji yanywewe kabla ya kiu kufika. Barafu na taulo za baridi ziwepo benchi. Na mwamuzi ana mapumziko ya kunywa maji, karibu na dakika ya 30 na ya 75, pale kipimo kinachojumlisha joto, unyevu na jua kinapovuka nyuzi 32.

HAYES ALIVYOSHTUKA

Chelsea walifika hukohuko kwa njia ya maumivu. Mei 14, 2016 walifungwa 1-0 na Arsenal kwenye fainali ya Kombe la FA pale Wembley. Kocha Emma Hayes alikuja kueleza baadaye kwamba wachezaji wake wengi siku ile walikuwa kwenye hedhi au wanaikaribia, na timu nzima ilionekana kuchelewa kwenye kila mpira. Hakusema hedhi ndiyo iliyowafunga. Alichoshtuka ni kwamba yeye, kocha mwanamke, hakuwa na mpango wowote juu ya jambo linalowapata wachezaji wake kila mwezi.

Chelsea wakaanza kutumia programu ileile waliyotumia Marekani. Hoja ya Hayes ilikuwa nyepesi: soka limewachukulia wanawake kama wanaume wadogo, likawapa mazoezi yaliyoandikwa kwa ajili ya miili mingine. Mwaka 2024 akakabidhiwa Marekani, na Agosti 10 mwaka huohuo, katika majira mengine ya joto ya Ufaransa, akabeba dhahabu ya Olimpiki Paris kwa kuifunga Brazil 1-0.

BUKTA NYEUPE

England nao wana stori yao. Wakati wa Euro 2022, iliyopigwa Julai kwao nyumbani, mshambuliaji Beth Mead alisema hadharani kwamba bukta nyeupe si rafiki kwa mchezaji aliye kwenye siku zake. Fikiria unakimbia mbele ya watu 87,192 waliojaa Wembley kwenye fainali ile, huku nusu ya akili yako iko kwenye bukta. Aprili 2023 England wakatoka na bukta za bluu. Rangi tu, lakini akili ya mchezaji ikarudi kwenye mpira.

FIFA nayo ikaamka. Tangu Juni 2024 kanuni zake zinatambua haki ya mchezaji wa kike kukosa mazoezi au mechi kwa sababu za afya ya hedhi na bado akalipwa mshahara wake wote.

NA HUKU KWETU?

Julai 2025 Twiga Stars walikuwa Morocco kwenye WAFCON, katikati ya majira ya joto ya kule, na kwenye kundi lao wakapata sare ya 1-1 na Afrika Kusini. Nyumbani nako, mtu yeyote aliyekaa jukwaani Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi anajua jua la saa 10 jioni linavyochoma na unyevu unavyobana kifua.

Timu zetu nyingi za wanawake zinafundishwa na wanaume, na kwa binti wa miaka 17 ni rahisi zaidi kusema "kocha, leo nyonga inaniuma" kuliko kusema ukweli. Anadanganya kwa heshima, anafanyishwa mazoezi yasiyo yake au anaonekana mvivu. Namba inakwenda kwa mwingine.

Hatari kubwa zaidi ni ya yule ambaye hedhi yake imekata miezi kadhaa na anafurahi kwamba usumbufu umeisha. Hedhi kukata kwa mchezaji kunaweza kuwa kengele kwamba anakula kidogo kuliko anavyochoma, na mifupa ndiyo hulipa deni hilo. Huyo anahitaji daktari, siyo pongezi.

Gharama ya kuanza ni ndogo. Daftari, kalamu, na mtu mmoja kambini, awe daktari au dada wa timu, ambaye mchezaji anamwamini na ambaye hatabeba habari hizo kwenda nazo kijiweni. Taarifa ni za mchezaji mwenyewe. Akikataa kuzitoa, akubaliwe. Pedi ziwepo kwenye begi la daktari kama bandeji zilivyo. Ndoo ya barafu iwe benchi.

Marekani hawakutwaa Kombe la Dunia kwa sababu ya kalenda. Walikuwa na Rapinoe, walikuwa na Rose Lavelle, walikuwa na benchi la kutisha. Ila kila mmoja wao alipoamka na tumbo linauma asubuhi ya mechi, kulikuwa na mtu wa kumwambia, na mtu huyo alijua cha kufanya.