Bamba la Ziada: Pikapu za Miraa na Safari ya Kurudi Meru

Pikapu mbili zenye jina moja, injini moja na sura moja ya mbele zinaweza kutofautiana kabisa chini ya sakafu, na katika barabara itokayo Maua na Meru kupitia Chuka na Embu hadi Nairobi tofauti hiyo haijulikani kwa viti vya ngozi wala kwa rimu zinazong'aa, bali kwa springi ya nyuma, ambayo ni rundo la mabamba ya chuma yaliyopindwa kama upinde, yakapangwa refu juu na mafupi chini yake, kisha yakafungwa kwenye ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu mawili. Wauzaji hupanga pikapu kwa madaraja, kuanzia ile ya kazi yenye kebini moja na kiti cha plastiki hadi ile ya kifahari yenye kebini mbili na kioo cha ramani, nao hutoza bei kulingana na daraja hilo. Meru kuna daraja jingine lisiloandikwa katika kitabu chochote cha muuzaji: lile linaloongezwa na fundi wa springi, bamba baada ya bamba, baada ya gari kutoka dukani.

Sababu ya daraja hilo ni jani la miraa. Miraa ya vilima vya Nyambene huanza kupoteza nguvu punde tu inapokatwa, kwa kuwa kathinoni, kiini chake kikuu, huvunjika kadiri jani linavyonyauka, na mtafunaji hutaka kuipata ndani ya takriban saa 48. Soko la Uingereza lilifungwa Juni 2014, la Somalia likasimama Machi 2020 na kufunguliwa tena Julai 2022, lakini katika misukosuko yote hiyo sharti la msingi halikubadilika: vibunda vilivyofungwa kwa majani ya migomba lazima viteremke kutoka Igembe na Tigania, katika vilima hivyo, hadi Nairobi kabla ya jua kuvishinda. Kazi hiyo ndiyo iliyoipa Toyota Hilux umaarufu wake katika barabara hii, na katika maeneo ya Mbeere kaunti ya Embu, ambako huvunwa muguka, ndugu wa miraa, kazi kama hiyo hufanywa pia na gari dogo la Probox.

Ili kulinganisha madaraja kwa haki, ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo mnunuzi huyachanganya. La kwanza ni ulaini wa safari, yaani kiasi cha mtikisiko wa barabara kinachofika kwenye mwili wa aliyeketi. La pili ni utiifu wa gari kwa usukani, yaani uwezo wa magurudumu yote manne kushika lami gari linapopinda, kufunga breki au kukwepa shimo. Daraja la juu mara nyingi huboresha kiti, hupunguza kelele na kuongeza vifaa vya usalama, ilhali springi ya nyuma inaweza kubaki ileile ya gari la mizigo. Tena rimu kubwa za inchi 18 huacha ukuta mwembamba wa mpira kati ya chuma na shimo, hivyo gari la bei ya juu linaweza kugonga kwa ukali zaidi kuliko ndugu yake mwenye rimu ndogo za chuma na tairi nene. Baadhi ya viwanda vimejaribu kuvunja mkwamo huu kati ya kubeba mzigo na ulaini: Volkswagen Amarok ya kwanza iliuzwa ama na rundo zito la mabamba matatu makuu na mawili ya msaada, ama na rundo jepesi la mawili na moja, Nissan Navara ya kizazi cha 2014 iliweka springi za koili nyuma katika baadhi ya matoleo ya kebini mbili, nayo Hilux ya 2015 ilirefushiwa springi zake za nyuma kwa milimita 100. Urefu huo si jambo dogo, kwa kuwa ugumu wa bamba hupungua kwa kipeo cha tatu cha urefu wake, na bamba la mita 1.3 likirefushwa hadi mita 1.4 bila kubadilishwa unene hupoteza takriban moja ya tano ya ugumu.

Hapa ndipo fundi wa springi anapostahili kusikilizwa kuliko muuzaji, kwa sababu yeye huisoma pikapu kuanzia chini. Fundi wa kazi hii haanzi kwa kuuliza daraja la gari. Huanza kwa kuinama na kutazama nafasi iliyobaki kati ya ekseli na kipande cha mpira kinachozuia chuma kugonga chesi, yaani fremu ya gari, kisha hutazama kama rundo bado lina upinde, au limenyooka, au limepinda kinyume kama mgongo wa punda aliyezidiwa na mzigo. Hukagua shakeli, yaani kiungo kinachobembea nyuma ya springi na kuiruhusu irefuke inapobanwa, hutikisa bushi za mpira, hutafuta alama za kutu nyekundu zinazoonyesha mahali ambapo bamba limeanza kupasuka, na hupapasa ncha za mabamba kuona kama zimechimba mifereji kwenye bamba lililo juu yake. Kwa jicho hilo, historia yote ya gari imeandikwa kwenye chuma: mizigo iliyozidi kipimo, mashimo yaliyovamiwa usiku, na mkono wa fundi aliyetangulia.

Hesabu yake, hata asipoiandika, ni hesabu kali. Ugumu wa bamba moja hutegemea upana wake, lakini hutegemea unene kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo bamba la milimita 10 ni gumu karibu mara mbili ya bamba la milimita 8 lenye urefu na upana uleule, ingawa jicho lisilozoea huona tofauti ya milimita mbili tu. Ndiyo maana fundi mwenye busara hulishika bamba lililotolewa kwenye gari lililokufa, akalipima kwa vidole kabla ya kulipima kwa rula, na kulikataa likiwa nene kupita yale litakayoishi nayo, kwa kuwa bamba moja gumu mno katikati ya mabamba laini hubeba mzigo wa wenzake wote na ndilo huvunjika kwanza. Fundi huyohuyo huuogopa moto. Chuma cha springi hupata uhai wake kwa kupashwa moto, kupozwa ghafla na kisha kulainishwa kwa joto la kipimo, na anayelipasha bamba katika tanuru la mkaa ili kulirudishia upinde bila kurudia hatua hizo huondoka na umbo zuri lililokwisha kupoteza ustahimilivu, litakalolala tena baada ya mizigo michache.

Kuna jambo jingine ndani ya rundo hilo ambalo ni vigumu kuliacha, nalo ni msuguano. Mabamba yanapopinda husuguana, na msuguano huo hula sehemu ya mtikisiko, ndiyo maana springi ya aina hii iliweza kutumika katika mikokoteni kabla ya kubuniwa kwa shoki, yaani bomba lenye mafuta linalozima kuruka kwa gari. Lakini msuguano huohuo huwa na kizingiti: kokoto ndogo au ukingo wa lami iliyobanduka haviwezi kuushinda, hivyo kwa mishtuko midogo rundo hukaa kama kipande kimoja cha chuma kisichopinda, na gari lote husafiri juu ya mpira wa tairi peke yake. Kila bamba la ziada huongeza uso mmoja wa kusuguana. Fundi anayejua hivyo hutenganisha mabamba, huyasafisha na kuyapaka grisi kabla ya kuyafunga, na kazi hiyo ndogo inaweza kumpa dereva ulaini ambao kiti cha ngozi cha daraja la juu hakiwezi kuununua.

Mzigo unapokuwa juu, bamba la ziada hutenda haki. Barabara ya Meru hadi Embu hukata miguu ya mashariki ya Mlima Kenya, ambako mito huteremka kwa zamu, na kila mto huilazimisha lami kushuka, kupinda, kuvuka daraja na kupanda tena: Mutonga, Nithi, Thuchi, na mingineyo kabla ya Rupingazi ya Embu. Pikapu iliyopakiwa hadi juu ya kebini huinua kitovu chake cha uzito, na yenye springi iliyochoka hulala upande kwenye kona, huinua pua, hupunguza uzito kwenye magurudumu ya mbele yanayoiongoza, na kuyumba dereva anapofunga breki akikaribia daraja. Rundo lililoimarishwa huiweka mgongo wima. Katika mabonde hayo, kati ya Chogoria na Runyenjes, ugumu ni sehemu ya usalama, na hakuna mtu aliyewahi kuvuka Daraja la Nithi, mahali ambapo Julai 2022 basi lilitumbukia na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha, anayeweza kulichukulia hilo kwa wepesi.

Hata hivyo, kila pikapu iliyoshuka imejaa hupanda ikiwa tupu. Safari ya kurudi ndiyo isiyowekwa kwenye hesabu ya mnunuzi, ya mwenye gari, wala ya muuzaji, na ndiyo inayofichua gharama ya bamba la ziada. Chukua mfano wa kukokotoa: ikiwa springi za nyuma hubeba kilo 1,400 gari likiwa limepakiwa na kilo 500 likiwa tupu, na gari lililopakiwa hupanda na kushuka mara 1.5 kwa sekunde, basi gari hilo likiwa tupu litarukaruka takriban mara 2.5 kwa sekunde, kwa kuwa kasi ya mruko hufuata kipeuo cha pili cha uwiano wa uzito. Bamba linaloongeza ugumu kwa asilimia 30 husukuma idadi hiyo hadi karibu mara 2.9, na kama shoki hazikubadilishwa, uwezo wa shoki hizo wa kuuzima mruko hupungua kwa takriban asilimia 12 kwa kulinganishwa na kazi mpya ziliyopewa. Kipimo cha kimataifa cha mtikisiko wa mwili, kiitwacho ISO 2631, huhesabu mitikisiko ya wima kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde kuwa ndiyo inayomsumbua zaidi mtu aliyeketi. Kwa hiyo kila hatua ya kuikaribia ngazi hiyo ni hatua ya kuelekea uti wa mgongo.

Utiifu nao hupungua. Nyuma ikiwa nyepesi na ngumu, tairi haifuati tena uso wa barabara bali huurukia, na tairi iliyo hewani, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, haiwezi kufunga breki wala kupinda. Kwenye barabara za murramu za Igembe zenye makunyanzi, ambapo matuta hufuatana kwa karibu mita moja, gari la kilomita 40 kwa saa hukutana na matuta zaidi ya kumi kwa sekunde, na hapo ekseli yenyewe huanza kucheza ngoma yake. Kwenye lami iliyolowa, ugumu mkubwa wa nyuma huhamisha uzito kwa haraka kwenye gurudumu moja la nje, ekseli hiyo huishiwa na mshiko kabla ya mbele, na mkia hutaka kuipita pua. Wala hewa ya tairi haishushwi gari linapokuwa tupu. Shinikizo lililowekwa kwa ajili ya tani moja ya miraa hubaki lilelile kwa ajili ya magunia matupu.

Mwenye kulipa ni dereva. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la 2002, uliweka mpaka wa mtikisiko wa mwili mzima ambao mfanyakazi hapaswi kuuvuka katika siku ya saa nane. Afrika Mashariki inao madereva ambao siku yao haipimwi kwa saa nane bali kwa muda wa jani kunyauka. Fundi wa springi anaujua ukweli huu kwa njia yake, kwa sababu dereva humrudia akilalamika kiuno na kumwomba atoe bamba moja, na siku hiyohiyo mwenye gari humwagiza aongeze. Kati ya maagizo hayo mawili, fundi hufunga boliti za U, zinazolishikiza rundo kwenye ekseli, kulingana na anayetoa pesa, huku akijua kwamba mzigo hauulizwi na mwili hausikilizwi.

Yabaki maswali ambayo barabara hii haijayajibu. Ukaguzi wa gari la biashara huangalia breki, taa na tairi. Je, nani huangalia kama mabamba yaliyo chini yake ndiyo yaliyopimwa na kiwanda, na kama yameongezwa, je, kwa kipimo gani? Kama rundo la mabamba mawili ya kudumu na moja la msaada, linalofanya kazi mzigo unapolibana tu, lingeweza kumhudumia dereva akipanda na mfanyabiashara akishuka, kwa nini lisiwe haki ya gari la kazi? Na pikapu inayopanda tupu kutoka Embu alfajiri, ikirukaruka kuvuka Thuchi ikiwa haina kitu nyuma yake ila majani makavu ya migomba, ingewekwa katika daraja gani na mtu aliyekaa humo ndani, kama angeulizwa?