Spinachi ya friza hupika lazanya
Spinachi ikikomaa yote kwa mpigo, mkulima halazimiki kuiuza kwa bei ya kutupa. Ioshwe, ichovywe kwenye maji yanayochemka kwa dakika 2, ipozwe kwa maji baridi, kisha ifungwe na kuwekwa kwenye friza. Hukaa miezi kadhaa.

Mboga hiyo yafaa lazanya, chakula cha Kiitaliano cha tambi bapa. Hapo wengi huharibu: mboga ya friza ina maji mengi. Iyeyuke kwanza, ikamuliwe kwa mikono, la sivyo sahani itajaa supu. Hupangwa tabaka kwa tabaka: rojo ya nyanya, tambi, spinachi, jibini. Asiye na oveni huoka kwa sufuria, makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko, kama keki, dakika 40 hivi.